Aibu ya ugonjwa wa akili haitatibiwa kwa mabango

Siku ya kliniki ya akili ina mazoea yake, na anayeyajua ni yule anayekaa kwenye foleni. Benchi letu hubaki nusu tupu hata kama wagonjwa wamejaa. Mwanamke mmoja atakuwa ameketi upande wa kliniki ya watoto, leso begani, ilhali hakuja na mtoto. Kijana atasimama karibu na dirisha la dawa kama aliyetumwa na nyanya yake. Mzee atakwambia amekuja kupimwa presha. Madaftari yetu ya kliniki tumeyafunika kwa karatasi ya kaki kama ya wanafunzi, na pale juu panapoandikwa jina hapana kitu. Muuguzi akitokea mlangoni na kuita, tunainuka mmoja mmoja kutoka kila kona ya uwanja, macho chini. Asubuhi nzima hakuna aliyetucheka. Hakuna aliyetufukuza kwenye benchi. Tumejiondoa wenyewe.

Nasema "sisi" kwa sababu mimi ni mmoja wao. Ninaishi na skizofrenia tangu nikiwa mwanafunzi wa ualimu, na sasa mvi zimeanza kuota. Nashona sare za shule kwenye kibanda mjini Machakos, si mbali na soko la Marikiti, na nyumbani ni upande wa Mwala. Watu huniita Fundi.

Tumezungumza sana nchini kuhusu wanaotudharau, na ni haki kuzungumza. Lakini kuna unyanyapaa wa pili ambao hauna mdomo wala hausikiki barabarani. Ni ule ambao mgonjwa anajifanyia mwenyewe: ameyasikia maneno ya watu, ameyaamini, kisha amejihukumu kwayo. Huku ndiko kujinyanyapaa. Msimamo wangu ni huu: kujinyanyapaa hakutaondolewa kwa mabango yanayowaomba watu watuonee huruma. Kutaondoka siku tutakapopewa majukumu ambayo wengine wanayategemea, yenye uamuzi ndani yake na malipo yake, na ambayo tukikosa kufika, mtu atakuja kutuulizia.

Nianze na namna aibu hii inavyofanya kazi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Patrick Corrigan, ambaye naye amesema hadharani kwamba ameishi na ugonjwa wa akili, ameieleza kwa hatua. Kwanza mtu anajua kwamba jamii inawaona wagonjwa wa akili kuwa hatari, wavivu au waliolaaniwa. Pili anakubali kwamba jamii ina haki kusema hivyo. Tatu, akishaugua, anajivisha mwenyewe yale aliyokuwa akiwavisha wengine. Baada ya hapo anafikia swali ambalo Corrigan na wenzake wamelichunguza kwa kina: ya nini kujaribu? Ya nini kuomba kazi, ya nini kuchumbia, ya nini kumeza dawa, ikiwa mtu kama mimi hawezi kitu?

Nimeipita njia hiyo hatua kwa hatua. Nilipotoka kulazwa katika hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, chuo kiliniandikia kwamba nafasi yangu bado ipo. Mama aliisoma barua kwa sauti, akaikunja, akaniuliza nauli atafute lini. Hakuna aliyeniambia nisirudi. Lakini nilikuwa nimeshajijibu: mwalimu aliyelazwa Mathari atasimamaje mbele ya watoto wa watu? Swali hilo sikulitunga mimi. Nililisikia tangu utotoni, kila mtoto wa kijijini alipotishwa kwamba asipotulia atapelekwa Mathari. Barua ilizeekea sandukuni.

Msidhani ni kisa cha mtu mmoja. Namjua mwanamume ambaye ndugu zake walipoketi kugawana shamba la baba yao alinyamaza mwanzo hadi mwisho, akapewa kipande cha miamba, kisha akawashukuru. Namjua msichana mwenye sauti nzuri aliyeacha kwaya kwa sababu aliogopa kwamba akipaza sauti watu watasema ugonjwa umerudi. Namjua mama ambaye mwanawe akifanya vibaya shuleni huenda kwa mwalimu kuomba msamaha, akiamini amemrithisha mtoto kichwa kibovu. Hawa wote wanameza dawa vizuri. Daktari akiwatazama atasema wamepata nafuu.

Na hatuko wachache. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 300 duniani anaishi na skizofrenia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 1,421,932 katika Kaunti ya Machakos. Kwa kiwango hicho, wenye ugonjwa huu pekee tungepita 4,700, kabla hujawahesabu wenye baipola na wenye sonona kali. Nchini Ethiopia, watafiti waliwahoji wagonjwa 212 wa skizofrenia katika Hospitali ya Amanuel, Addis Ababa, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Karibu nusu yao walikuwa na aibu ya ndani ya kiwango cha kati au cha juu. Nilipoelezwa habari hiyo sikushangaa. Niliona tu benchi letu.

Kuna jibu ambalo husikika upesi hapa: basi wagonjwa wajiamini, waache kujidharau. Jibu hilo linamtwika mgonjwa mzigo wa pili. Aibu hii hatukuzaliwa nayo. Tumefundishwa, na waliotufundisha walikuwa na mamlaka.

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia waliochukuliwa kuwa vichaa, katika eneo lililokuwa likitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ugonjwa wetu, tangu siku ya kwanza, ulipewa nyumba ya watu wanaoogopwa kuambukiza. Kuanzia mwaka 1938, kwa zaidi ya miaka 10, aliyeisimamia alikuwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaandika, kwa ombi la serikali ya kikoloni, kuhusu Mau Mau, akieleza uasi wa watu walionyang'anywa ardhi kana kwamba ni matatizo ya akili. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alifungiwa Mathari katika miaka ya 1940. Serikali ilitumia hospitali kama fimbo, na wazee wetu waliona. Woga wanaotutia wakilitaja jina la Mathari haukuanza kwa upumbavu wao.

Sheria nayo ilifundisha. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mtu ametolewa kamba shingoni, anaamka hospitalini, na askari yuko kando ya kitanda. Ilitubidi kungoja hadi tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kesi hiyo ililetwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Madaktari wa Akili na mwanaharakati Charity Muturi. Nawashukuru. Lakini Katiba hiyohiyo ya 2010, ambayo katika Ibara ya 54 inaagiza mtu mwenye ulemavu aheshimiwe na aitwe kwa namna isiyomdhalilisha, bado katika Ibara ya 83 inamnyima kura aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, na katika Ibara ya 99 inamzuia kugombea ubunge. Mtoto anayesoma Katiba darasani anajifunza yote mawili.

Kisha kuna mafunzo ya nyumbani. Huku Ukambani mtu akianza kusikia sauti, swali la kwanza ni nani aliyemroga, na swali la pili ni mama yake alifanya nini. Kanisani anaweza kuombewa mbele ya umati, ashikwe kichwa, pepo likemewe kwa kipaza sauti, kisha akae Jumapili zote zinazofuata miongoni mwa watu waliomwona akigaagaa. Wanaofanya hivyo mara nyingi wanatupenda. Mama yangu alinipeleka kila mahali alipoambiwa, akiuza mbuzi kila safari. Sina kinyongo naye wala na walioniombea. Lakini kila mlango tulioingia uliniambia kwamba mimi ni mahali palipoharibika, na mtu akiambiwa hivyo katika kila mlango, hatimaye anaamini.

Wapo watakaosema dawa ndiyo muhimu, mambo ya aibu yangoje. Nami naithamini dawa. Najua nilivyokuwa bila hiyo: nililala kwenye mtaro wa barabara ya Masii nikiamini magari yanazungumza nami. Leo nachomwa sindano ya kila mwezi, ile ya Modecate, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini dawa ina gharama ambayo mgonjwa mwenye aibu hawezi kuitaja. Siku za mwanzo baada ya sindano mikono hunitetemeka. Uzi haupiti kwenye tundu la sindano ya cherehani. Naulowesha, naukata mshazari, najaribu tena, huku mteja akisubiri kola ya mwanawe. Zamani nilikuwa nafunga kibanda siku hizo, nikaficha mtetemeko, na nilipozidiwa nikaruka sindano. Kumbe ipo dawa ya kupunguza mtetemeko, na kipimo cha sindano kinaweza kurekebishwa, mradi mgonjwa aseme. Anayeona kwamba hana haki ya kulalamika hatasema. Ataacha dawa kimyakimya, na baada ya miezi kadhaa watu watamkuta barabarani waseme dawa za hospitali hazifanyi kazi. Kwa hiyo aibu haiwezi kungoja zamu yake nyuma ya dawa. Aibu ndiyo inayoamua kama dawa itamezwa.

Sasa nieleze kilichonisaidia, maana sitaki kuwaachia malalamiko matupu.

Niko katika chama cha akina mama cha kuweka akiba na kukopeshana. Pesa zetu hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na wanachama watatu wanaokaa mbalimbali hushika ufunguo mmoja mmoja, hivi kwamba sanduku halifunguki mpaka wote watatu wakutane mbele ya wengine. Kwa muda mrefu nilikuwa mwanachama wa mlangoni. Nilifika wa mwisho, nikaketi karibu na njia, nikatoa mchango wangu, nikaondoka kabla ya chai. Siku moja mwenyekiti wetu, mama mzee anayeuza kunde na mchicha sokoni, aliniita kabla sijainuka.

"Fundi, leo usikimbie. Aliyekuwa na ufunguo wa tatu amehamia Kitengela kwa mwanawe. Tumekuchagua wewe."

Nikamwambia, "Mwaitu (mama), mnanijua nilivyo."

"Tunakujua. Tangu uingie hujawahi kuchelewesha mchango."

"Na nikiugua?"

"Ukiugua tutakuja kuuchukua ufunguo, tukuletee na uji. Ukipona tukurudishie. Mwenzetu akijifungua si ndivyo tunavyofanya?"

Akaniwekea ufunguo mkononi, wanawake wakapiga makofi mara moja, wakaendelea na hesabu za mikopo kama kawaida. Hakuna aliyetoa hotuba kuhusu afya ya akili. Hakuna aliyenihurumia. Walihitaji mtu mwaminifu, wakatazama daftari la michango, wakaona jina langu.

Mwezi uliofuata siku ya kliniki iliangukia siku ya mkutano. Nilimwendea muuguzi mapema nikamwambia, "Sista, naomba nihudumiwe kwanza. Chama kinaningoja, nina ufunguo." Katika miaka yote ya kuhudhuria kliniki sikuwa nimewahi kuomba kitu kwa sababu kuna mahali ninapohitajika. Alinitazama, akachukua daftari langu, akanihudumia. Kuanzia hapo nilianza kuuliza mambo: dawa hii ina kazi gani, kwa nini natetemeka, naweza kupunguziwa. Uoga haukuisha siku hiyo, na sauti zimerudi zaidi ya mara moja. Lakini lile swali la "ya nini kujaribu" lilikuwa limepata jibu. Nijaribu kwa sababu nisipofika, wanawake kumi na tisa hawatafungua sanduku.

Naomba tusichanganye jambo hili na kazi ya kuonewa huruma. Kazi mgonjwa wa akili anapewa tangu zamani, tena nyingi. Kwenye matanga ndiye anayechota maji, ndiye anayepasua kuni, ndiye anayesugua sufuria za muthokoi zilizoungua. Wageni wakishakula hupewa chake nyuma ya jiko, katika kifuniko cha sufuria, na watu husema amesaidia sana. Hana kauli kuhusu lolote. Halipwi. Asipofika, mwingine atachota maji. Kazi ya namna hiyo haimtoi mtu aibu, humzoesha nayo. Tofauti yake na ufunguo ni kwamba ufunguo una uamuzi ndani yake. Mwenye ufunguo anaweza kukataa kufungua. Jamii inayompa mtu uwezo wa kukataa imemkubali kuwa mtu mzima.

Wenye wasiwasi watauliza: je, akichanganyikiwa akiwa na mali ya watu? Swali ni la haki, na wagonjwa wenyewe ndio wanaolijua zaidi. Wapo wenzetu wa baipola ambao ugonjwa ukipanda huuza ng'ombe asubuhi na kugawa pesa jioni. Jibu letu limeandikwa katika daftari la chama. Niliwaambia dalili zangu: nikikosa usingizi usiku tatu mfululizo, nikianza kukata vitambaa vya wateja bila vipimo, nikiacha kibanda wazi na kutembea, wamwite dada yangu na wachukue ufunguo hata nikikataa. Nilitia sahihi nikiwa mzima. Mara moja walilazimika kufanya hivyo, na nilipopata nafuu mwenyekiti alinirudishia mbele ya wote. Tena tukumbuke kwamba zile kufuli tatu ziliwekwa kabla sijaingia chamani, kwa sababu mtu yeyote, mwenye afya au asiye nayo, anaweza kushindwa na pesa ya wenzake. Vyama vyetu tayari vina hekima ya kumwamini mtu na kumlinda kwa pamoja. Kinachohitajika ni kutumia hekima hiyo kwetu pia.

Machakos, kati ya sehemu zote, haina udhuru wa kutojua jambo hili. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba vilima vyetu vimekufa, udongo umekwisha kusombwa. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi watu wa wilaya hii walivyoongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua. Matuta yale unayoyaona ukitazama Iveti au Mua yalichimbwa kwa jembe na sururu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mwethya, yale makundi ya majirani wanaofanya kazi shamba hadi shamba, wengi wao wanawake. Nyanya yangu alikuwa katika mwethya. Alisema kila aliyefika alipewa sehemu yake ya kuchimba, na kama hukumaliza, kundi lilikuja kumalizia nawe, halikukufuta jina. Hiyo ni desturi yetu, haikuja na mradi wowote.

Wala hatuhitaji kubuni kila kitu upya. Virusi vya Ukimwi vilipoingia nchini, aibu iliua watu kabla ya dawa kufika. Watu walijifungia vyumbani wakangoja kufa. Kampeni zilisaidia, lakini ukuta ulibomoka kweli pale waliokuwa wameambukizwa walipojitokeza na kufanya kazi. Asunta Wagura na wenzake wa KENWA, mtandao wa wanawake wanaoishi na Ukimwi, walikwenda nyumba kwa nyumba katika miaka ya 1990. Baadaye akina mama wanaoishi na virusi waliajiriwa katika kliniki za wajawazito kuwashauri wenzao. Mjamzito aliyetetemeka kwa hofu alikutana na mwanamke mwenye hali kama yake, amevaa beji ya hospitali, ana mshahara na ana watoto wazima wa afya. Maneno ya daktari hayangeweza kufanya kilichofanywa na beji ile.

Kwa ugonjwa wa akili nako kuna walioanza. Katika Hospitali ya Butabika, Kampala, watu waliowahi kulazwa wamefunzwa kuwa wasaidizi wa wagonjwa wenzao, wakiwatembelea hata baada ya kurudi nyumbani. Jirani zetu wa Makueni, ambao hadi mwaka 1992 walikuwa katika wilaya moja nasi, wameshirikiana na taasisi ya utafiti ya Profesa David Ndetei kuwafunza wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na hata waganga wa kienyeji na wachungaji kuwatambua wagonjwa na kuwaelekeza hospitalini. Wametuonyesha kwamba kijiji kinaweza kufundishwa. Hatua inayofuata ni mgonjwa mwenyewe kuwa miongoni mwa wanaofundisha.

Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa matibabu na huduma za kumrudisha mgonjwa katika maisha yake. Kumrudisha katika maisha yake ndiyo sehemu ninayoishikilia, kwa sababu sindano peke yake haifanyi hivyo.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na nayaomba waziwazi.

Kwa serikali ya kaunti: muwaajiri watu walioishi na ugonjwa wa akili wakapata nafuu, wafanye kazi katika kliniki za akili, kuanzia Machakos Level 5 hadi Kangundo, Matuu, Kathiani na Mwala. Wafunzwe, wavae beji, walipwe kama wahudumu wengine. Mgonjwa mpya akifika, wa kwanza kuzungumza naye awe mtu aliyekaa kwenye benchi hilohilo. Na sindano na vidonge vyetu vipatikane katika zahanati za karibu, kwenye foleni moja na wenye presha na kisukari, ili mtu asipoteze siku nzima na nauli kwa dawa ya mwezi mmoja.

Kwa Bunge: zitazameni upya Ibara za 83 na 99. Ikiwa ugonjwa unaweza kupanda na kushuka, haki ya uraia isifungwe kwa neno linalodumu.

Kwa wachungaji: mnaotuombea, tunashukuru. Tuombeeni kisha mtupe zamu ya kusoma neno, kuhesabu sadaka, kufundisha watoto wa Jumapili. Mkimwombea mtu hadharani na msimpe kazi hadharani, waumini watakumbuka maombi tu.

Kwa familia: mnapoketi kugawa shamba, kupanga mahari au kuchagua shule, mwulizeni na yule aliye kimya kwenye kona. Akisema sijui, mwulizeni tena kesho. Amezoea kutokuulizwa.

Na kwa wenzangu wa benchi: siwaambii mjitangaze sokoni. Kila mtu anaijua nyumba yake na usalama wake. Nawaambia jambo dogo zaidi. Mkipewa jukumu, msilikatae kwa niaba ya watu ambao hawajawakataa. Lipokeeni, muwaeleze wenzenu wazi dalili zenu, mtie sahihi mkiwa wazima, mfanye kazi. Tutaugua tena, baadhi yetu, na tutarudi tena.

Mikutano ya vyama, makanisa na koo ipo wiki hii hii, kutoka Mlolongo hadi Masinga. Katika mingi ya mikutano hiyo kuna mtu aliyeketi karibu na mlango ambaye daftari la michango linamsifu kuliko anavyojisifu. Mchagueni. Hamhitaji bajeti wala mradi kufanya hivyo, na kazi iliyo mbele yenu inahitaji watu waaminifu.